Furukombe na Kiota Chake: Kuangalia, Kutaja na Kuhesabu

Utangulizi

Mtu anayetembea kando ya hori la Mida, karibu na Watamu, baina ya mwezi wa Oktoba na Machi, huenda akamwona ndege mkubwa ameketi peke yake juu ya mti mkavu. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia, kifua na tumbo ni vyeupe, na utepe mweusi hupita jichoni ukafika hadi kisogoni. Akishuka majini hutanguliza miguu wala si kichwa, na akipaa tena huwa amembana samaki kwa kucha za miguu yote miwili, kichwa cha samaki kikielekezwa mbele ili upepo usimsumbue mchukuzi wake. Mvua za masika zinapokaribia wengi wa ndege hao hutoweka. Hapana anayeviona viota vyao katika ufuo huo, kwa sababu hawajengi huko.

Wanasayansi humwita ndege huyu Pandion haliaetus, nao Waingereza humwita osprey. Makala haya yatamtaja kwa jina la furukombe, ingawa jina lenyewe lina utata ambao hauna budi kujadiliwa. Lengo ni kuichunguza ile nusu ya maisha yake isiyoonekana Kenya: ujenzi wa kiota, utagaji, uatamiaji na ulezi wa makinda. Mfano mkuu umechukuliwa kutoka pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, hususan mlango wa Mto Connecticut, mahali ambapo viota vimeangaliwa na kuandikwa kwa miongo mingi, na ambapo waangalizi wenye bidii walikaribia kupotoshwa na macho yao wenyewe. Ieleweke mapema kwamba furukombe wa Connecticut hawafiki Afrika Mashariki. Wao huenda Amerika ya Kusini. Wanaofika Mida, Lamu au Ziwa Viktoria hutoka Ulaya ya kaskazini na Urusi. Hata hivyo ni ndege wa spishi moja, na mwenendo wao kiotoni haupishani sana.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uangalizi wa ndege ni kazi ya lugha sawa na ilivyo kazi ya darubini. Asiye na neno la kutenganisha hatua moja na nyingine huziona zote kuwa kitu kimoja, na hesabu atakayoiandika itakuwa na kasoro hata kama macho yake ni makali.

Utata wa jina

Msomaji wa kamusi hukutana na furukombe, kwazi na koho, majina yote yakihusishwa na ndege wakubwa wawindaji, na mara nyingi bila mipaka iliyo wazi baina yao. Furukombe hasa hutumiwa kwa ndege wawili. Wapo wanaomaanisha huyu mgeni wa kahawia na nyeupe. Wapo pia wanaomaanisha yule tai mlasamaki wa Afrika, mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo la rangi ya hudhurungi, na mlio mkali unaosikika mbali katika maziwa ya Naivasha na Baringo. Tai huyo ni mwenyeji. Hujenga, hutaga na kulea papa hapa Kenya.

Tofauti hii si ya kupuuzwa. Ikiwa mvuvi wa Homa Bay atasema kwamba furukombe wamejenga juu ya mgunga ulio nyuma ya boma lake, kauli yake ni ya kawaida kabisa endapo anamkusudia tai mlasamaki. Endapo anamkusudia mgeni, ni habari ambayo ingewafanya wanaornitholojia wafunge safari siku hiyo hiyo. Neno ni lile lile, na aliyeipokea kauli hiyo kwa simu hana njia ya kujua ni ipi kati ya habari mbili aliyoletewa.

Kosa hapa si la mvuvi. Kiswahili kimefanyiwa kazi kubwa ya istilahi katika isimu, sheria na kompyuta, lakini viumbe wengi bado wanaelezwa katika kamusi kwa maneno matatu, yaani aina ya ndege, aina ya samaki, aina ya mti, kana kwamba mtumiaji wa kamusi alikuwa na shaka kwamba mti ni mti. Hadi hapo majina yatakaposanifiwa, njia salama ni kuliandamanisha jina na alama moja au mbili za mwili: utepe mweusi wa jichoni kwa huyu, kichwa cheupe kitupu kwa yule. Katika kurasa zinazofuata, furukombe ni mwenye utepe.

Msimu mmoja mlangoni mwa Mto Connecticut

Mto Connecticut unapoingia katika mkono wa bahari uitwao Long Island Sound hutandaza vinamasi vya maji ya chumvi, na kimojawapo, karibu na mji wa Old Lyme, ni kisiwa cha majani kiitwacho Great Island. Furukombe huanza kurejea huko katikati ya Machi. Kwa kawaida dume ndiye anayetangulia, wakati upepo wa mtoni ungali na baridi kali. Jike humfuata baada ya siku kadhaa. Wawili hao hawakusafiri pamoja wala hawakukaa pamoja wakati wa baridi. Pengine mmoja alikuwa Venezuela na mwingine Brazili. Kinachowakutanisha ni kiota, ambacho kila mmoja wao hukirudia mwaka hata mwaka. Watunzi wa hadithi za mapenzi wangependelea iwe vinginevyo.

Kiota chenyewe ni rundo la fito na matawi makavu lililotandikwa mwani, nyasi na magome laini. Dume hukata matawi makavu kwa namna ya ajabu: huuendea mti kwa kasi, hulikamata tawi kwa miguu akiwa bado anaruka, nalo huvunjika kwa uzito wake. Kila mwaka jozi huongeza fito juu ya zile za mwaka uliopita, na kiota cha miaka mingi huweza kupita kimo cha mtu. Siku hizi huongezwa pia vitu vingine. Furukombe huokota kamba za nyavu, mifuko ya plastiki na mishipi iliyotupwa, na mshipi uliojiviringa mguuni mwa kinda huweza kumfunga kiotoni hadi afe.

Kabla ya kutaga, jike huwa karibu ameacha kuwinda. Dume humletea samaki, naye hukaa kiotoni akimwita kwa mlio mwembamba usio na kikomo. Kutokana na samaki hao jike hujenga mwili wa kutaga, na dume mzembe hujulikana mapema. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei mayai hutagwa, kwa kawaida matatu, ya rangi ya maziwa yenye madoa makubwa ya hudhurungi. Hayatagwi siku moja, bali hupishana kwa siku moja hadi tatu. Aidha, jike huanza kuatamia mara tu yai la kwanza linapopatikana. Uamuzi huo mdogo una matokeo makubwa, kwani yai la kwanza huanguliwa mbele ya mengine, na kinda wa kwanza huwa ameshakula siku kadhaa kabla ya mdogo wake kupasua ganda. Samaki wakiwa tele, tofauti hiyo hupotea. Wakiwa haba, mkubwa hushiba kwanza na mdogo hufa, na hakuna mzazi anayeingilia kati.

Uatamiaji huchukua majuma matano hadi sita. Sehemu kubwa ya kazi ni ya jike. Dume humpokea kwa muda mfupi, hasa anapokuwa ameleta chakula na jike ameondoka na samaki wake ili ale kwenye mti wa jirani. Mapema mwezi wa Juni makinda huanguliwa wakiwa wamefunikwa na malaika, yaani vinyoya laini visivyoweza kumkinga kiumbe na jua wala mvua. Kwa hiyo jike huyatandaza mabawa yake juu yao kama mwavuli, saa nyingi za siku. Dume huvua. Mara nyingi hukila kichwa cha samaki kwanza, kisha huleta kiwiliwili, naye jike hukichanachana nyama na kuwalisha makinda vipande vidogo kwa upole ambao mtazamaji hautarajii kutoka kwenye mdomo wenye ndoano kama ule.

Baada ya majuma saba au nane malaika wameshabadilishwa na manyoya kamili, na kinda husimama ukingoni akipiga mabawa dhidi ya upepo, akainuka shibiri moja, akatua, akainuka tena. Siku moja hatui. Hata hivyo kuruka si kujitegemea. Kwa majuma kadhaa zaidi kinda hurudi kiotoni kudai samaki wa baba yake, huku akijaribu kupiga mbizi na kukosa. Hapana mzazi anayemfundisha kuvua. Mwezi wa Agosti jike huondoka, na wengine hufuata mmoja mmoja. Kinda asiyepata kuvuka hata kaunti moja huelekea kusini peke yake, juu ya bahari, hadi nchi ambayo hakuna aliyemwonyesha. Zaidi ya nusu ya makinda hawaimalizi safari hiyo ya mwaka wa kwanza wakiwa hai. Wanaosalia hukaa kusini mwaka mzima wa pili bila kurudi, na huanza kutaga wakiwa na umri wa miaka mitatu au zaidi.

Viota vilivyokaliwa

Maelezo yaliyotangulia yana hatua nyingi, na Kiswahili kina neno kwa kila mojawapo. Ndege hukikalia kiota, hutaga, huatamia, huangua. Kinda huota malaika, huota manyoya, huruka. Lugha ina neno hata kwa hatua inayokwama: yai lililoatamiwa kikamilifu lisianguliwe huitwa yai viza. Mfugaji yeyote wa kuku analijua neno hilo. Si neno la kitaalamu wala halikuundwa na kamati, lakini sura nzima ya historia ya furukombe inalizunguka.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 palikuwa na jozi zipatazo 200 za furukombe mlangoni mwa Mto Connecticut. Kati ya jiji la New York na Boston, viota vilikadiriwa kufika 1,000 katika miaka ya 1940. Mwaka 1954 Roger Tory Peterson, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya kutambulia ndege, alihamia Old Lyme, na baadhi ya viota hivyo vikawa jirani zake. Miaka michache baadaye yeye na wengine walitambua jambo la kutatanisha. Ndege walikuwa wanarudi kila Machi. Viota vilikaliwa, mayai yalitagwa na kuatamiwa. Lakini mwezi wa Julai vingi vya viota hivyo vilikuwa vitupu.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini upungufu huo ulichelewa kutambuliwa? DDT, dawa ya kuulia wadudu iliyokuja kuthibitishwa kuwa chanzo, ilikuwa imeanza kunyunyizwa kwa wingi baada ya mwaka 1945. Jibu limo katika maisha ya furukombe mwenyewe. Huyu ni ndege anayeweza kuishi zaidi ya miaka 20, na ambaye hurudi kwenye kiota kile kile hata kama mwaka uliopita hakupata kinda. Mtu anayehesabu viota vilivyokaliwa ataandika karibu tarakimu ile ile miaka kadhaa mfululizo, ilhali kizazi kinachopaswa kuwarithi wazee hakipo. Kisha wazee huanza kufa, na hesabu huporomoka kana kwamba msiba umetokea jana. Aliyehesabu waliokikalia kiota alikuwa amesema kweli, ila alikuwa amejibu swali jingine.

Peter Ames, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, alishirikiana na Peterson kuchunguza chanzo. Dhana ya kwanza ilikuwa ya busara. Viota vingi vilikuwa chini au mahali pa chini, na wanyama kama rakuni huiba mayai. Hivyo majukwaa yalisimamishwa juu ya nguzo zenye vizuizi vya kuzuia wanyama kupanda. Furukombe waliyapokea majukwaa bila ubishi, wakajenga na kutaga. Mayai hayakuibwa tena. Yaliatamiwa hadi mwisho, na hayakuanguliwa. Yalikuwa viza. Kufikia mwaka 1965 zilibaki jozi 12 hivi.

Jaribio la majukwaa halikuwaokoa ndege wa wakati ule, lakini thamani yake kiutafiti haikuwa ndogo, maana liliondoa maelezo mamoja. Yalibaki mawili. Ama wazazi wa Connecticut hawakuwa wanaatamia ipasavyo, pengine kwa kusumbuliwa na watu na mashua, ama kasoro ilikuwa ndani ya yai lenyewe. Mwaka 1968 na 1969 Paul Spitzer na wenzake walilipima jambo hilo kwa njia inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa mbinu za utafiti, awe wa sayansi au wa fasihi. Walichukua mayai kutoka viota vya Maryland, katika Ghuba ya Chesapeake, ambako furukombe walikuwa na hali afadhali, wakayaweka chini ya majike wa Connecticut. Mayai ya Connecticut nayo yakapelekwa Maryland. Mayai ya Maryland yaliatamiwa na majike wa Connecticut yakaanguliwa kwa kiwango chake cha kawaida. Mayai ya Connecticut yalipata walezi wazuri huko Maryland na bado mengi yakawa viza. Basi walezi hawakuwa na hatia.

Wakati huo huo uchunguzi wa maganda ulikuwa ukiendelea pengine. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alionyesha kwamba maganda ya mayai ya ndege wawindaji yalikuwa yamekuwa mepesi kuliko yale yaliyokusanywa na kuhifadhiwa kabla ya vita. Mwaka uliofuata Joseph Hickey na Daniel Anderson walionyesha hali hiyo hiyo nchini Marekani, furukombe wakiwamo. DDT ikiingia mwilini hugeuka kuwa kemikali iitwayo DDE, ambayo haiyeyuki upesi bali hujilimbikiza katika mafuta. Planktoni huwa na chembe, samaki mdogo huwa na zaidi, samaki mkubwa zaidi tena, na ndege mlasamaki hupokea limbiko la wote. Katika mwili wa jike DDE huzuia kalsiamu kufika kwenye tezi inayotengeneza ganda. Yai hutagwa na ganda lisiloweza kustahimili uzito wa mama yake, na hata lisipopasuka mara nyingi halianguliwi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi na yanaweza kutajwa kwa ufupi. Rachel Carson alikuwa ameshachapisha kitabu chake Silent Spring mwaka 1962. Upande wa pili wa maji, katika kisiwa cha Gardiners huko Long Island, Dennis Puleston alikuwa akiangalia viota vya furukombe tangu mwaka 1948, na kumbukumbu zake zilitumiwa katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1966 kupinga unyunyizaji wa DDT kwenye vinamasi vya kaunti ya Suffolk. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilipiga marufuku takriban matumizi yote ya DDT. Ndege hawakurudi siku hiyo. Mwaka 1974 jimbo zima la Connecticut lilikuwa na viota tisa tu vyenye jozi. Leo vinahesabiwa kwa mamia, na tangu mwaka 2014 wakazi wa kawaida wa jimbo hilo wamekuwa wakishiriki kuviangalia na kuandika matokeo katika mradi unaoitwa Osprey Nation.

Kwa nini bado inahesabiwa

Huenda msomaji akadhani kwamba kazi ilikwisha. Wachunguzi wamekadiria kwamba ili idadi ya furukombe isipungue, kila jozi inapaswa kuwa na wastani wa kinda mmoja hivi anayefikia kuruka kwa mwaka. Makadirio ya Charles Henny na Howard Wight ya mwaka 1969 yalikuwa kati ya 0.95 na 1.30. Katika miaka ya hivi karibuni, sehemu za kusini za Ghuba ya Chesapeake, ambako zamani ndiko mayai ya kuokolea yalikotoka, zimeanguka mbali chini ya kiwango hicho. Safari hii mayai si viza. Huanguliwa, kisha makinda hufa njaa kiotoni, kuanzia mdogo.

Watafiti wa huko wanaielekeza shaka kwenye uhaba wa samaki mmoja mwenye mafuta mengi, menhaden, jamaa wa saradini, ambaye pia huvuliwa kwa wingi viwandani. Katika msimu wa mwaka 2021 baadhi ya viota viliongezewa samaki huyo kwa mikono ya watu, na vikatoa makinda zaidi ya maradufu ya vile ambavyo havikuongezewa. Wenye viwanda wanapinga tafsiri hiyo na mabishano hayajafika mwisho. Lililo muhimu kwa makala haya ni kwamba yai viza na kinda aliyekufa njaa huacha kiota kile kile kitupu mwezi wa Julai. Aliyeandika tu kwamba kiota hakikufaulu ameyachanganya maradhi mawili yenye tiba mbili tofauti, na anayetafuta tiba baadaye hatapata msaada wowote katika daftari lake.

Safu iliyo wazi

Furukombe anayeonekana Mida ana kiota mahali fulani. Si lazima kiwe mbali kama inavyodhaniwa. Katika visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani za Oman na Ghuba wapo furukombe wanaozaliana huko huko, na kwa kuwa visiwa vingi havina miti, hujenga juu ya miamba au chini kabisa mchangani. Wao hutaga wakati wa baridi, miezi ambayo viota vya Ulaya viko chini ya theluji. Lakini wengi wa wageni wa Afrika Mashariki wana asili ya kaskazini, na nchi mojawapo iliyo na kumbukumbu kamili ni Finland. Tangu mwaka 1971 wavisha pete wa huko wamekuwa wakivikagua viota vya furukombe kila mwaka nchi nzima, wakipanda misonobari, wakihesabu makinda na kumvisha kila mmoja pete ya chuma yenye namba kabla hajaruka.

Mwezi wa Januari mwaka 2024, katika Kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, wakazi walimpata furukombe aliyenaswa katika wavu wa samaki. Alikuwa amedhoofika. Mguuni alikuwa na pete ya Finland. Maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori walimchukua, akapelekwa kwenye matunzo, na baada ya siku chache akafa. Habari hiyo ilienea magazetini, na wengi walistaajabia umbali wa kilomita karibu 7,000 kwa ndege asiyefikia uzito wa kilo mbili. Wachache waliuliza ni wangapi wengine hunaswa katika nyavu zile zile bila kuvaa pete, au wakiwa na pete iliyotupwa kwa sababu aliyeiona hakujua kwamba namba ile ni jina.

Mkaguzi wa kiota kule Finland anaweza kuandika tarehe ya kutagwa, idadi ya mayai, yaliyoanguliwa, makinda walioruka. Baada ya hapo safu ya daftari lake huwa wazi. Furukombe kijana haonekani tena kaskazini kwa karibu miaka miwili, na muda huo huupitisha hapa, kwenye mikoko, kwenye mabwawa, kando ya nyavu. Wanaomwona kila siku ni wavuvi, nao humtaja kwa Kiswahili, Kidholuo, Kibajuni au Kigiriama. Maswali ya kuwauliza si mengi: kichwa kina utepe au ni cheupe kitupu, mguuni pana pete, nayo ina tarakimu gani, ameonekana peke yake au wawili, ni mwezi gani, anakula samaki yupi, aliyekutwa amekufa alikutwa wavuni au ufuoni.

Kazi ya kukusanya majibu hayo inaweza kuanzia kwa mwanafunzi yeyote wa isimu anayekwenda Vanga, Shela au Usenge kukusanya msamiati wa uvuvi, jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wamelifanya mara nyingi na kwa mafanikio. Kwenye orodha yake ya majina ya samaki, vyombo na pepo, aongeze ukurasa mmoja wa ndege wanaovua, pamoja na picha mbili, ya furukombe na ya tai mlasamaki, amwonyeshe mvuvi mzee na kuandika jina analolitamka kwa kila mmoja kabla ya kumtajia lolote la kamusi.